Nani Aliyekosa, Mtoto au Wazazi?



Juma hili nataka tuzungumze habari ya nyumba inayozika watoto. Sisemi nyumba ya mtu fulani, kwa maana karibu kila mmoja wenu anaijua moja. Ni nyumba ile ambayo mtoto wa kwanza, mwanamume, alizaliwa mnene na mwenye afya. Akanyonya vizuri, lakini alipofika miezi minne au mitano akaanza kukohoa. Akapelekwa hospitali, akapata nafuu. Akarudi nyumbani, akaugua tena. Sikio likatoa usaha, kinywa kikajaa utando mweupe, tumbo likaharisha lisikome, na kabla hajatimiza mwaka akafa. Baadaye akazaliwa binti, naye akakua bila shida yoyote. Kisha akazaliwa tena mtoto wa kiume, naye akaifuata njia ile ile ya kaka yake.

Mazikoni watu hulia, na wengine hunong'ona. Huyu atasema nyumba hii ina mkono wa mtu. Yule atasema mkosi ni wa mama, kwa maana hata ndugu zake wa kiume walikufa wachanga. Wa tatu atasema ni Ukimwi, wanaficha tu, ingawa mtoto alipimwa na hakuonekana nao. Na mama mwenyewe, aliyeketi mkekani na kanga kichwani, anayasikia yote.

Manung'uniko hayo si mapya. Katika Injili ya Yohana, sura ya tisa, tunasoma habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walipomwona hawakuuliza atasaidiwaje. Waliuliza nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana wetu akayakataa yote mawili, akageuka kumtendea yule kipofu kazi ya huruma. Leo nitawaeleza jinsi wataalamu wa siku zetu wanavyoweza kuchukua damu kidogo ya mtoto wa nyumba ile, wakaisoma kama mtu asomavyo kitabu, wakaonyesha mahali penyewe palipo na kosa. Nanyi mtaona kwamba kosa hilo si dhambi ya mtu.

ASKARI WA MWILI

Kila mtu anao askari ndani ya damu yake. Ni chembe nyeupe, ndogo hata hazionekani ila kwa darubini ya hospitali. Wako wanaozunguka na kumeza vijidudu. Wako wanaotengeneza silaha ziitwazo kingamwili, ambazo hukishika kijidudu na kukitia alama ili kiuawe. Na wako wakubwa wa zamu, wanaotoa amri nani apigwe na nani aachwe. Kwa sababu ya askari hawa, wewe hupata mafua ukapona kwa juma moja, na mtoto akichanjwa hupata kinga ya miaka mingi.

Ugonjwa wa Ukimwi huwaua askari waliokuwapo. Virusi vyake hutoka nje na kumwingia mtu. Lakini wapo watoto wachache ambao tangu tumboni mwa mama askari wao hawakuumbika, au waliumbika bila silaha. Hawakuambukizwa na mtu. Wamezaliwa hivyo. Wataalamu wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 450 za upungufu huu wa kuzaliwa nao. Kila aina peke yake ni adimu sana, lakini ukizikusanya zote watoto wenye shida hiyo si haba.

Mtu wa kwanza kuueleza vizuri mmojawapo alikuwa Ogden Bruton, daktari wa watoto katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, huko Washington. Mwaka 1952 aliandika habari za mvulana wa miaka minane aliyekuwa akipatwa na kichomi na sumu ya damu mara kwa mara. Daktari Bruton alipoipima damu yake aliona kwamba ile sehemu yenye kingamwili haipo kabisa. Akaanza kumdunga sindano ya kingamwili zilizotolewa katika damu ya watu wengine, kila mwezi, na mvulana yule akapata afya. Dawa ikajulikana, lakini chanzo hakikujulikana. Ilipita miaka 41, hata mwaka 1993, ndipo wataalamu walipoona mahali penyewe palipokosewa.

KITABU CHENYE HERUFI BILIONI 3

Palipokosewa ni wapi? Hapa nawaomba mnifuate polepole.

Ndani ya karibu kila chembe ya mwili wako mna maandishi ya jinsi ya kuujenga mwili huo. Tunayaita vinasaba, na wengi wenu mmesikia yakiitwa DNA. Yameandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, C, G na T, lakini urefu wake ni herufi bilioni 3 hivi. Humo mna maagizo kama 20,000 yaitwayo jeni, na kila agizo lina kazi yake: hili la rangi ya macho, hili la damu, hili la askari wa mwili.

Kitabu hiki kimegawanyika katika juzuu 23, ambazo wenye elimu huziita kromosomu. Na kila mtu anazo nakala mbili za kitabu, moja aliyopewa na baba na moja aliyopewa na mama. Kila mtoto anapotungwa, vitabu hunakiliwa upya, herufi kwa herufi. Je, ni mwandishi gani anayeweza kunakili herufi bilioni 3 asikosee hata moja? Hata gazeti hili hutoka na makosa ya chapa, nanyi hamwachi kutuandikia barua za malalamiko! Basi kila mtu, askofu na mkulima, ana makosa ya chapa katika kitabu chake.

Makosa mengi hayadhuru. Mpanga herufi akiandika "asubuhu" badala ya "asubuhi", utacheka na kuendelea kusoma. Lakini akiandika "Mwalimu alileta paa darasani" badala ya "Mwalimu alileta taa darasani", herufi moja tu imebadili maneno yote, na wanafunzi watabaki gizani pamoja na mnyama. Ndivyo ilivyo katika mwili. Herufi moja ikikaa mahali pa nyingine katika agizo la askari, askari hawatokei.

Sasa mtauliza, mbona katika nyumba ile wanakufa wavulana na mabinti wanapona? Juzuu ya mwisho ndiyo inayotenga mwanamume na mwanamke. Mwanamke ana nakala mbili za juzuu iitwayo X. Mwanamume anayo X moja, aliyopewa na mama yake, na pamoja nayo juzuu nyembamba iitwayo Y, aliyopewa na baba yake. Maagizo kadhaa ya askari yameandikwa katika hiyo X. Mama akiwa na kosa katika X moja, ile nyingine nzima humsaidia, naye hukaa na afya maisha yake yote bila kujua lolote. Mtoto wake wa kiume akirithi ile X nzima, atakuwa salama. Akirithi ile yenye kosa, hana nyingine ya kumwokoa. Ni nusu kwa nusu kila mimba, kama kurusha sarafu. Binti naye aweza kuirithi X hiyo, akawa mzima kabisa, na baadaye akampa mwanawe. Ndiyo sababu huonekana kama "mkosi wa ukoo wa mama".

Lakini si magonjwa yote ya namna hii yanayopita kwa mama peke yake. Mengine hutokea pale tu baba na mama wote wawili wanapokuwa na kosa katika agizo lile lile, kila mmoja kwa siri asiyoijua. Hapo kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Mnaujua mfano wake: ugonjwa wa seli mundu hurithiwa hivyo hivyo. Ndugu wa damu wakioana, jambo hili huelekea kutokea zaidi, kwa kuwa wameshiriki babu mmoja na makosa yake ya chapa. Na mara nyingine kosa huzuka jipya kabisa kwa mtoto, wala halimo kwa baba wala kwa mama.

MTOTO ALIYEBATIZWA KWA MAJI YALIYOULIWA VIJIDUDU

Niwape habari ya mtoto mmoja ambaye dunia nzima ilimfahamu. Jina lake David Vetter, alizaliwa Septemba 1971 huko Houston, Texas, nchi ya Marekani. Kaka yake alikuwa amekwisha kufa akiwa na miezi saba, kwa sababu hakuwa na askari wa mwili. Waganga waliwaambia wazazi kwamba mtoto wa kiume atakayefuata aweza kuwa na ugonjwa huo huo. Basi David alipozaliwa, hazikupita sekunde nyingi akatiwa ndani ya chumba cha plastiki kisichokuwa na kijidudu hata kimoja. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki, wakambatiza humo humo kwa maji ya baraka yaliyokwisha kuuliwa vijidudu.

Alikaa ndani ya plastiki miaka 12. Chakula, nguo, vitabu na vitu vya kuchezea vilisafishwa kwanza ndipo akapewa. Aliyetaka kumshika alitia mikono katika glovu nene zilizoshikizwa ukutani mwa plastiki. Mwaka 1983 alipandikizwa uboho wa dada yake, ingawa haukulingana naye vizuri, kwa matumaini kwamba utamzalia askari. Kwa bahati mbaya uboho ule ulikuwa na virusi vilivyojificha, na kwa mtu asiye na kinga vikaleta saratani. Akatolewa katika plastiki, na mama yake akaweza kumgusa kwa mkono mtupu kwa mara ya kwanza. Majuma mawili hivi baadaye, tarehe 22 Februari 1984, akafariki.

Agizo lililokosewa katika ugonjwa wake lilionekana mwaka 1993, miaka tisa baada ya maziko yake. Limo katika ile juzuu X. Mwaka huo huo lilionekana pia lile la ugonjwa wa Daktari Bruton. Fikiri, msomaji: mama wa David alizika wana wawili wa kiume kabla hajapatikana mtu wa kumwonyesha ni neno gani lililokosewa.

KOSA MOJA KATI YA 16,000

Wakati ule kusoma vinasaba kulikuwa kazi ya miaka. Mwingereza Frederick Sanger alitangaza njia yake nzuri ya kuvisoma mwaka 1977, lakini ilisoma mistari michache kwa mara moja. Mwaka 1990 mataifa yalishirikiana kukisoma kitabu kizima cha mwanadamu. Walitangaza kumaliza mwaka 2003, kwa gharama iliyokaribia dola bilioni 3. Baada ya hapo zikatokea mashine mpya. Hizo huvikata vinasaba vipande vidogo vidogo, huvisoma mamilioni kwa pamoja, kisha kompyuta huvipanga tena. Ni kama mtu aliyerarua nakala mia za gazeti moja, akazipanga vipande vyote mpaka akapata ukurasa mzima. Halafu ukurasa huo hulinganishwa na wa watu wengine, ili kuona herufi ipi si ya kawaida.

Mwaka 2009, huko Milwaukee katika jimbo la Wisconsin, alikuwapo mtoto wa kiume wa umri wa miaka minne ambaye waganga walikuwa wameshindwa naye. Matumbo yake yalikuwa yakitoboka, hata yakafungua njia mpaka ngozini. Alikuwa amepelekwa chumba cha upasuaji zaidi ya mara mia. Walipima hiki, wakapima kile, wakasoma jeni moja moja zilizoshukiwa, wasione kitu. Mwishowe wakaamua kusoma maagizo yake yote kwa pamoja. Hawakusoma kitabu chote, ila kurasa zile zenye maagizo ya kutengeneza protini, ambazo ni sehemu kama 2 tu katika 100.

Waliona mahali zaidi ya 16,000 palipotofautiana na nakala ya kawaida. Wakaanza kuchekecha kama mama anayepepeta mchele. Hapa hapadhuru, wakapatupa. Hapa pana watu wazima wengi wenye herufi hiyo hiyo, wakapatupa. Wakabaki na herufi moja, katika agizo liitwalo XIAP, ndani ya ile juzuu X. Agizo hilo ni la askari wa mwili. Wakati huo hakuna aliyekuwa amelishuku kwa ugonjwa wa matumbo mkali namna ile. Ndipo walipojua kwamba tiba yake ni kupewa askari wapya. Mwaka 2010 akapandikizwa damu iliyotoka katika kitovu cha mtoto mwingine mchanga, ugonjwa ule wa tumbo ukatulia, akaweza kula chakula kama watoto wenzake.

FAIDA YA KUJUA JINA

Mtu atasema, "Kama mtoto ni mgonjwa, mtibuni, jina la nini?" Lakini jina la kosa ndilo linalochagua dawa. Mtoto mwenye ugonjwa wa Bruton hana haja ya kupandikizwa uboho kwa hatari kubwa, kwa maana akipewa kingamwili maisha yake yote aweza kukua, kusoma na kufanya kazi. Mtoto mwenye ugonjwa wa David hatapona kwa kingamwili peke yake. Lazima apate uboho, na upesi. Kwa mara ya kwanza jambo hilo lilifaulu mwaka 1968 huko Minnesota. Siku hizi, kwa wengine, wataalamu hulirekebisha agizo lenyewe katika chembe za mtoto kisha wakamrudishia. Njia hiyo ilianza kufaulu Ufaransa karibu na mwaka 2000. Mwanzoni baadhi ya watoto walipata saratani ya damu kwa ajili yake, na ikabidi itengenezwe upya kwa uangalifu zaidi.

Tena jina likijulikana mapema, mtoto hupona zaidi. Mwaka 2014 waganga wa Marekani walitoa hesabu ya watoto 240 wenye ugonjwa wa namna ya David. Katika waliopandikizwa kabla ya kupita miezi mitatu na nusu, 94 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Katika wakubwa zaidi ambao vijidudu vilikuwa bado vinawashambulia walipopandikizwa, ilikuwa nusu tu. Kwa hiyo nchini kwao kila mtoto mchanga hutolewa tone la damu kisiginoni, ili aonekane kabla hajaugua.

Faida nyingine inatuhusu sisi hasa. Katika nchi zetu mtoto akizaliwa hudungwa chanjo ya kifua kikuu, ile iachayo kovu dogo mkononi. Chanjo hiyo ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtoto mwenye askari ni ulinzi mkubwa, na hakuna mzazi mwenye akili atakayeikataa. Lakini kwa yule mmoja aliyezaliwa bila askari, hata vijidudu dhaifu vyaweza kuenea mwilini na kumdhuru. Kwa hiyo ikiwa nyumba yako, au nyumba ya dada yako, imepoteza watoto wa kiume wachanga kwa magonjwa yasiyokoma, mwambie mkunga au mganga kabla mtoto mwingine hajazaliwa. Sema wazi: "Kaka zake walikufa hivi na hivi." Mganga ndiye atakayeamua kama chanjo hiyo ingoje mpaka damu ipimwe. Usijiamulie mwenyewe. Nao ndugu wengine wa nyumba wapate chanjo zao kama waganga watakavyoagiza, kwa maana nyumba iliyochanjwa ndiyo ngome ya mtoto mdhaifu.

KWETU JE?

Najua wengi wenu mtasema kwamba mashine hizi ziko mbali. Ni kweli. Hospitali nyingi za kwetu hazina, na damu ya kusomwa mara nyingi hupelekwa mji mkubwa au nchi za nje, kwa gharama. Lakini safari ya mashine ile huanza na mambo madogo yaliyo karibu.

Kwanza ni macho ya mzazi. Watoto wote huugua, wala usitishike kwa mafua ya kila mwezi. Angalia ikiwa mtoto amepatwa na kichomi mara mbili au zaidi katika mwaka mmoja. Masikio yametoa usaha mara nne au zaidi. Majipu makubwa yanarudi rudi. Utando mweupe wa kinywani unaendelea baada ya mwaka mmoja wa umri. Dawa za kuua vijidudu zimetumika miezi miwili bila nafuu. Au mtoto haongezeki uzito. Zaidi ya yote, angalia ikiwa katika ukoo wako wako wengine waliougua hivyo. Hiyo ndiyo dalili ambayo mganga hawezi kuiona kwa darubini. Wewe ndiwe unayeijua.

Pili ni kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ambacho hospitali nyingi za wilaya zinacho. Katika upungufu mkubwa kama wa David, zile chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti huwa chache sana. Kipimo hicho hakitaji jina la kosa, lakini chaweza kupiga kengele. Mwombe mganga aangalie hesabu hiyo, na mtoto apimwe Ukimwi bila kuona haya, ili jambo moja litengwe na lingine.

Tatu ni kumbukumbu. Andika katika daftari majina ya watoto waliofariki, umri wao, na walichougua, upande wa baba na upande wa mama. Wazee wenye kukumbuka wanaondoka kila mwaka. Daftari la senti chache laweza kumfaa mjukuu ambaye hujamwona bado.

Nanyi msidhani kwamba mashine ile hujibu kila swali. Mara nyingine husoma kitabu chote isione kosa. Mara nyingine huona herufi ngeni, na wataalamu wasijue kama ina madhara au la. Tena yaweza kufunua mambo ya ukoo ambayo watu hawakutaka kuyajua. Kwa hiyo wazazi na waelezwe kwanza, wakubali kwa hiari, na siri yao itunzwe.

KARATASI ILE ISIWE TALAKA

Neno langu la mwisho nalisema kwa kina baba, nami ni mmoja wenu.

Itakuja siku ambayo karatasi ya hospitali itasema kwamba kosa limo katika juzuu X aliyopewa mtoto na mama yake. Na ataondokea mtu, labda shangazi, labda rafiki wa kilabuni, akwambie, "Umeona? Tulisema ni ukoo wake. Mrudishe kwao." Ndugu yangu, usikubali. Mkeo hakuichagua herufi ile. Huenda alipewa na mama yake, naye na bibi yake, na wote walikuwa watu wazima na wacha Mungu. Au huenda ilizuka bila kupitia kwa mtu. Wewe nawe una makosa yako ya chapa katika kitabu chako, ila tu hujafunuliwa. Uliapa mbele ya altare kwamba utamtunza katika afya na katika ugonjwa. Hukutaja kwamba ugonjwa wenyewe uwe umetoka upande wako.

Na kina bibi, ninyi wakwe, shikeni ndimi zenu mazikoni. Yule binti aliyeketi mkekani amempoteza mwana. Msimpokonye na heshima. Badala ya kuuliza ni nani aliyefanya, mshikeni mkono mwende naye kliniki, na yule mkwe mwenye kukumbuka majina ya waliokufa ayaseme yote mbele ya mganga. Dada zake nao waambiwe kwa upole, kwa maana huenda wao pia wanaichukua X hiyo bila kujua, na mtoto wao wa kiume angeweza kuokolewa kwa neno moja lililosemwa mapema.

Wale wanafunzi walitaka kujua nani aliyekosa ili wapate mtu wa kumlaumu. Mganga anataka kujua kilichokosewa wapi ili apate mtoto wa kumponya. Maswali hayo mawili yanafanana kwa maneno, lakini la kwanza humwacha mama peke yake mkekani, na la pili huketi karibu naye.

Wiki hii, msomaji, kama unaijua nyumba ile niliyoitaja mwanzo, wapelekee gazeti hili. Ikiwa hawawezi kusoma, wasomee. Kisha muwasindikize hospitali.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu. Tutaonana juma lijalo, akipenda.